Ni Katuni Tu, Mathe

Kuna mbleina moja imelea watoi wa Kanairo kuliko yaya yeyote, na ni maneno manne: ni katuni tu, mathe.

Hiyo form unaijua. Mtoi amejiachilia kwa kochi. Kwa skrini kuna chali wa nywele ya blu anapasua mwenzake katikati, damu inaruka mpaka kwa kioo. Mathe anapita na sufuria, anatupa jicho sekunde moja, anaona macho makubwa na rangi zimewaka. "Hiyo ni nini unaangalia?" Jibu linatoka hata kabla amalize swali, na yeye huyo, ashaingia jikoni. Sasa weka muvi ya watu wa ukweli, jioni, familia yote imejaa sitting room. Chali na dem wanaangaliana tu. Hawajagusana. Nyumba inanyamaza zii. Buda anaanza kukohoa kikohozi hakuwa nacho. Mathe anakumbuka ghafla kuuliza nani amemaliza maji ya kunywa. Rimoti inatafutwa na watu watatu.

Hiyo ndio sensaship ya kwanza kila mtoi wa Kenya anapitia: kudedi ni sawa, kukisi ni ngori. Tumekua tukicheki Commando na mabuda zetu. Arnold Schwarzenegger anaangusha jeshi mzima kwa kisiwa, buda anacheka akisema staring hadedi. Ukienda video ya mtaani, ile ya mabati na mabenchi, DJ Afro yuko juu ya sauti anawachambulia vita kwa Kiswahili na Sheng, na sijawahi ona mzazi akikuja kutoa mtoi wake hapo juu ya risasi. Walikuwa wanakuja juu ya homework, ama juu ya chenji ya mkate imeingia maji.

Kwa hivyo anime ilipofika mtaani ilipita tu, hakuna mtu alifungua begi akague. Macho makubwa, rangi kibao, hakuna watu wa nyama. Mathe alikuwa ashaamua.

Na usidhani ni ushamba wa wazee wetu peke yao. Gava pia huangalia na jicho hilo hilo. Bodi ya filamu ya Kenya, KFCB, iko na alama zake na ziko wazi: GE ni ya kila mtu, PG mzazi akuwe karibu, alafu 16, alafu 18. Sheria wanatumia, ile ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, ilitungwa 1962 kabla hata tupandishe bendera yetu. Sasa rudi 2017, mwezi wa sita. Ezekiel Mutua ndio alikuwa mkubwa wa KFCB, na bodi ikapiga marufuku katuni sita zilikuwa kwa ving'amuzi: The Loud House, Hey Arnold, The Legend of Korra, Steven Universe, Clarence na Adventure Time. Sababu walitoa ni ati zinafunza watoto ushoga. Kwa hizo sita hakuna hata moja yenye mtu anatafunwa akiwa hai. Wakati huo huo Attack on Titan, yenye majitu uchi yanakula watu kama chapo za harusi, ilikuwa kwa kila flashi Umoja mpaka Rongai, na hakuna mkubwa aliitisha waandishi wa habari juu yake. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, muvi ya kwanza ya Kenya kufika Cannes. Mademu wawili wanapendana, ikapigwa ban, mpaka koti ikaifungulia siku saba tu.

Sisemi KFCB wasifanye kazi yao. Nasema tu cheki macho yao yanaenda wapi, alafu cheki ya mathe yanaenda wapi. Ni mahali pamoja.

Majuu pia wako na yao. Chukua Demon Slayer, ile muvi ya treni, Mugen Train. Ilitoka Japani 2020 ikavunja rekodi ya pesa ya nchi mzima, rekodi yenye Spirited Away ilikuwa imeishikilia karibu miaka ishirini. Kule ilipewa PG12, maana yake mtoi wa chini ya miaka 12 aongozwe na mzazi, wengine wote wajipange. 2021 ikavuka bahari ikaingia Marekani, wakaigonga R. Hiyo ni ati kama hujafika 17 lazima mtu mzima aingie na wewe. Muvi ni ile ile, damu ni ile ile, panga ni lile lile. Mtoi wa Osaka wa darasa la saba anaingia na mbogi yake na popkoni, mwenzake wa Texas wa miaka 16, mwenye ashaanza kuendesha ndai, anahitaji kubembeleza mathe amsindikize.

Na Wajapani wenyewe si watakatifu kwa hii mambo. 1988, studio ya Ghibli ilitoa muvi mbili siku moja, tiketi moja. Moja ni My Neighbor Totoro, dude kubwa la manyoya, mvua, watoto wanacheka. Ya pili ni Grave of the Fireflies, watoto wawili wa vita wanakufa njaa pole pole. Hebu fikiria mzazi ameleta katoi kake kucheki lile dude la manyoya. Walikuwa wanatoka huko ndani wakiwa vipi?

Lakini kuna kitu Japani ilikuwa nayo yenye sisi tuliipoteza njiani, na hii ndio stori yenyewe nataka kupiga. Ni saa.

Kule, anime nyingi zilianza kwa TV, na TV iko na ratiba. One Piece kwa miaka mingi ilikuwa inaonyeshwa Jumapili saa tatu na nusu asubuhi, wakati wewe uko Sunday school unaimba ukisinzia. Hiyo ni saa ya watoto na kila mtu anajua. Death Note, 2006, ilikuwa inaingia karibu saa saba usiku. Attack on Titan, usiku wa manane. Demon Slayer yenyewe, kabla ikuwe maarufu ya dunia, 2019 ilianza usiku watoto wakiwa wamelala. Hakuna haja ya stika hapo. Kama mtoi wa miaka tisa ameamka saa saba usiku kucheki stori ya mtu anaua watu kwa kuandika majina yao kwa kitabu, shida ya hiyo nyumba si anime. Kenya pia tuko na sheria ya saa: kutoka saa kumi na moja asubuhi mpaka saa nne usiku, stesheni hairuhusiwi kuweka vitu vya watu wazima. Saa inafanya kazi ya mzazi.

Alafu sasa toa hiyo kitu kwa TV, itie kwa kanda, ama DVD, ama flashi. Saa imeanguka. Death Note na One Piece zimekaa bega kwa bega, na Jumamosi saa nne asubuhi zote mbili zinacheza poa.

Walioyaona haya kwanza ni wazazi wa Marekani, na waliyaonea kwa mall. Miaka ya tisini, mtoi wa Ohio ama New Jersey akitaka anime alikuwa anaenda duka kama Suncoast, lilikuwa kwa mall mingi sana huko, limejaa kanda na mapicha ya muvi. Shelfu ya anime ilikuwa moja. Kwa hiyo shelfu kulikuwa na Pokémon, Sailor Moon, Akira, na hapo karibu kulikuwa na kanda za watu wazima kabisa zenye kava ya msichana anatabasamu. Bodi ya Hollywood ilikuwa inapima sana muvi za sinema, kanda nyingi za anime hazikupitia huko. So kampuni za kuuza zikawa zinajiandikia zenyewe: 13 kwenda juu, 16 kwenda juu, ama zinaazima alama za TV, ama zinabandika kastika ka kuambia watu hii si ya watoto. Msee mwenye anauza bidhaa ndio huyo anaiwekea umri. Cheka tu.

Lakini Wamarekani walikuwa na breki moja, na haikuwa stika. Ilikuwa bei. Kanda moja ya sabtaito ilikuwa karibu dola 30, na ndani ni episodi mbili. Mbili! Mtoi wa miaka 12 angetoa wapi dola 30? Lazima aende na mathe, na mathe akishatoa wallet anataka kujua ananunua nini. Anageuza kava. Anauliza yule kijana wa kaunta. Bei ndio ilikuwa inaleta mzazi dukani. Kanda ilipokufa na DVD ikashuka bei, breki ikalegea. Tume ya biashara ya huko, FTC, ilikuwa na katabia ka kutuma watoi wa 13 mpaka 16 madukani bila wazazi waone kama watauziwa muvi za R. 2003, kama wanane kwa kila kumi waliuziwa bila shida. Miaka kumi baadaye ilikuwa imeshuka mpaka kama watatu, na wakati huo mengi ya hayo maduka hayakuwa tena. Musicland, wenye Suncoast, walifilisika 2006.

Kuna wengine walijaribu njia ya mkato: kama huwezi chuja wanunuzi, chuja kitu yenyewe. Hapa ndio naishiwa na nguvu. Dragon Ball Z ilipotafsiriwa huko, watu walikuwa hawadedi, walikuwa wanapelekwa dimensheni ingine. Kuna majini ya kuzimu yamevaa vesti zimeandikwa HELL kifuani, wakabadilisha herufi ikawa HFIL. One Piece, 2004, Sanji mpishi mwenye fegi haitoki mdomoni alipewa lolipopu. Lolipopu, maze. Mtu mzima na ndevu zake anapigana na maharamia akinyonya lolipopu. Nina hakika kuna watoi walianza kuamini lolipopu ndio inatoa nguvu ya kupiga mateke. Mtoi haibiwi akili hivyo rahisi. Akigundua ulimfinyia kitu kidogo kama fegi, hata siku utamwambia ukweli kuhusu kitu kubwa atakulenga.

Sasa turudi Nairobi. Hapa kulikuwa na aina mbili za kununua anime, na ukiwa na umri wangu umepitia zote.

Ya kwanza ni mall. Jumamosi, mathe anaingia supermarket na troli, na juu hataki umsumbue kwa shelfu ya biskuti anakuacha kwa muvi shop ya hapo karibu. "Kaa hapa, usitoke." Kwa mathe, ile shop ilikuwa nasari ya bure. Kuna AC, kuna TV inaonyesha treila, kuna msee wa uniform. Anime zilikuwa zimepangwa upande wa watoto, katikati ya Ben 10 na Barbie. Hapo ndio nilikutana na Akira. Ile ya 1988, ya Tokyo imelipuka na mwili wa kijana unafura mpaka unajaza uwanja. Marekani ilipata R. Hapa ilikuwa jirani ya Tom na Jerry. Mpangaji wa shelfu hakuwa na nia mbaya, aliona michoro akapanga michoro na michoro. Na usiniambie hiyo si alama ya umri, juu mathe hakuwahi soma herufi zozote kwa kava maisha yake yote. Mathe alikuwa anasoma shelfu.

Herufi zenyewe zilikuwa mchanganyiko wa ajabu. Kava moja iko na 15 kwa duara ya Uingereza, ingine iko na M ya Australia, ingine TV-14. Uingereza hiyo namba ni sheria kabisa, chini ya sheria ya 1984 ukiuzia mtoi kanda ya 15 akiwa 13 unaweza pelekwa kotini. Kwa mall ya Nairobi ilikuwa tu urembo wa kava.

Aina ya pili ni mtaa, na hapa ndio nataka kukaa kidogo.

DVD ya mtaa ilikuwa finje. Ilikuwa kopi ya kopi, kava imetolewa fotokopi mpaka sura zimekuwa kijani, na nyuma imeandikwa maelezo ya muvi ingine kabisa. Nimewahi ona Naruto yenye nyuma inasema ni stori ya mapenzi ya New York, umri wowote. So hata kama mathe angetaka kusoma, angesoma nini? Na finje ndio ilimaliza mchezo. Finje unaipata. Unatumwa mkate na maziwa, unabaki na chenji, unaunga na ya jana, ushafika. Mzazi ametoka kwa biashara bila kujua alikuwa ndani. Flashi zilipoingia ikakuwa rahisi zaidi: muvi mbao, episodi ashu, sizini mzima kwa soo ukibonga poa na msee.

Huyo msee wa muvi ndio nampigia saluti. Ako na kakibanda ka upana wa mlango, kompyuta moja yenye feni inalia kama posho mill, spika imeangalia nje, na orodha ya muvi kwa karatasi zimetiwa kwa plastiki, kona zimeliwa. Ulikuwa unampea flashi yako anaichomeka, anaua virus kwanza, alafu anakuuliza, "Unataka gani?" Na yeye alikuwa na madaraja yake ya umri. KFCB wako na manne, yeye alikuwa na matatu: hii ni safi, hii iko na damu, hii iko na vitu. Safi mtoi yeyote anabeba. Damu anakuangalia urefu kwanza. Vitu, "Rudi na buda yako."

Kwa nini alikuwa anajali? Sheria ilikuwa mbali. Kanjo wanakuja siku wanataka. Lakini kibanda kilikuwa kinaangaliana na mama mboga, na kila jioni mathe wa plot yote wanapita hapo kununua sukuma na nyanya. Mathe mmoja akipata kitu kwa flashi ya mtoi wake, hatapiga simu ofisi yoyote. Atasimama mbele ya kibanda na apige nduru mpaka stage isikie, na kesho hakuna mtu anakuja na flashi. Hakuna inspekta wa serikali aliogopwa hivyo.

Na wao walikuwa wanamuuliza. Hapa ndio tofauti. Mathe hawezi uliza kava, lakini anaweza uliza mtu. Swali lilikuwa moja: "Hii haina tabia mbaya?" Na msee anajibu kwa heshima zote, "Hii iko sawa mathe, ni ya kupigana tu." Ya kupigana tu! Hata yeye alikuwa amesoma sensaship ya nyumbani akajua kupigana hakuhesabiwi. Lakini kuna siku nilikuwa hapo na mathe amekuja kuchukulia kijana wake Elfen Lied, kijana alikuwa amemwandikia jina kwa karatasi kama listi ya duka. Msee akaangalia karatasi, akaangalia mathe, akasema, "Mathe, huyu wako ako darasa la ngapi? Hii wacha. Nitampea ya mpira." Akamwekea Captain Tsubasa. Kijana alilia nikasikia, lakini hiyo ndio klasifikesheni bora nimewahi ona hii nchi. Ilikuwa na habari tatu zenye stika haiwezi kuwa nazo: anime yenyewe inahusu nini, mtoi ni nani, na mathe anaweza kubeba nini.

Sisemi alikuwa malaika. Alikuwa na folda zingine zenye hazikuwa kwa orodha, na wasee wakubwa walijua kuziitisha kwa jina. Na tuseme tu ukweli, biashara yenyewe ilikuwa ya wizi, hakuna shilingi ilifika Tokyo kwa wale wasee wanachora mpaka usiku. Yeye pia alikuwa anakosea, juu alikuwa anacheki episodi mbili za kwanza anaamua. Kuna anime zinaanza zikiwa na wasichana wadogo wa shule na paka mweupe mwenye anaongea, alafu episodi ya tatu kichwa kinatoka. Waliocheki Madoka Magica wananielewa.

Kitu kingine kilichotuficha ni lugha. Muvi ya Kizungu ikitukana, mathe ako jikoni anasikia, anatoka na mwiko. Anime ya Kijapani na sabtaito, mathe anasikia tu watu wanapiga kelele. Inaweza kuwa wanaomba msamaha, inaweza kuwa wanatukana mama wa mtu, sauti ni ile ile. Mabeste wangu waliokuwa wanasema sabtaito ni bora juu ya sauti halisi na hisia za waigizaji walikuwa wanaongea ukweli nusu. Nusu ingine ilikuwa mathe jikoni.

Leo kile kibanda ni duka la M-Pesa na vifuniko vya simu. Msee mwenyewe sikuhizi anaseti Wi-Fi za plot. Simu imemeza kila kitu, na imemeza breki zote kwa mpigo. Saa haipo, shelfu haipo, bei ni bando. Netflix iliingia Kenya Januari 2016, na mwezi huo huo KFCB wakatoka kulalamika ati ni hatari kwa maadili. Kusema kweli, hizo apu ziko na vyombo kuliko kitu yoyote tulikuwa nayo: umri umeandikwa kwa kila shoo, unaweza weka PIN, unaweza fungia mtoi profaili yake. Lakini nani anaweka? Kwa hao nyingi akaunti ni ya kazo wa Kileleshwa, profaili ziko tano, na ile ya watoto ndio buda hutumia juu alibonyeza vibaya siku ya kwanza akaizoea. Na PIN, mathe akiamua kuiweka, anaita nani amsaidie? Anaita yule mtoi.

Wazazi wengine wamerudi kwa panga: anime yote ni ya shetani, zima. Nimeona hizo forwadi za WhatsApp. Uchina walijaribu hiyo njia, 2015 wakaweka anime na manga 38 kwa orodha nyeusi, Death Note na Attack on Titan zikiwa ndani, na wasee wa huko hawajawahi acha kuzicheki. Ukikataza jina moja mtoi anatafuta lingine, na hilo lingine wewe hulijui hata kulitamka.

Kama wewe ni mathe ama buda na umefika hapa ukisoma, wacha kuuliza kama ni katuni, na pia wacha kuuliza kama iko na damu pekee. Uliza mtu akidedi kwa hiyo stori, wengine wanamlilia ama wanashangilia? Fullmetal Alchemist iko na damu na majonzi, na kuna episodi ya msichana na mbwa wake itakuharibia wiki, lakini kila kifo pale kinadaiwa na mtu. Mtoi wa sekondari ataimudu na atakuwa na maswali poa kukushinda wewe. Monster ya Naoki Urasawa, episodi 74, daktari anaokoa mtoto wa miaka kumi mwenye anakuja kuwa muuaji: damu ni kidogo kuliko za kupigana. Na mimi singempea mtoi wa 12. Ni nzito kwa njia yenye hakuna herufi inapima. Alafu kuna zingine zenye wasee wanakatwa vichwa kila dakika tano na hakuna mtu anakumbuka majina yao baada ya tangazo. Hizo ndio ningeweka juu ya kabati, na hizo ndio zinapita rahisi, juu ni za kupigana tu.

Na kama wewe ni mtoi na unasoma hii chini ya dawati, form yako ni moja: kaa na mathe umuonyeshe kitu mwenyewe kabla akutane na kitu kibaya mgongoni mwako. Anza na Spirited Away, kuna wazazi wanageuka nguruwe dakika za kwanza juu ya kukula vitu vya wenyewe, atapenda hiyo sehemu sana na utaisikia ikirudiwa mezani mwezi mzima. Endelea na Haikyuu, ni voliboli, atashangilia kama ni Malkia Strikers wako uwanjani. Akishazoea sabtaito mpelekee Fullmetal pole pole. Attack on Titan nayo, kama huwezi kungoja, ngoja basi aende chama.